Kasiki la Nyumba ya Orihata

Yasue alikata tiketi ya kuingia katika nyumba ambayo aliisugua sakafu yake ujana wake wote, na mwenye dirisha la tiketi hakumjua.

Alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, mtu wa kuja. Alimwuliza kama ni mkazi wa Itazaki, maana wakazi hupunguziwa bei.

"Nilikuwa mkazi," Yasue akajibu. "Walinifukuza."

Mama yule akacheka, akidhani ni mzaha, akamkatia tiketi ya bei kamili.

"Umeona sasa?" Kazumi alimnong'oneza walipokuwa wakivua viatu kizingitini. "Ungesema ndiyo tu. Huo mdomo wako utatufilisi hata mgahawa hatujafungua."

Kazumi alikuwa mwuza samaki, mjane mwenye sauti ya sokoni hata akinong'ona. Yasue alipanga chumba juu ya duka lake, huko Kokura. Mchana alisafisha wodi za hospitali, jioni alishuka kumsaidia Kazumi kuparua magamba. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiongea mpango mmoja: kufungua mgahawa mdogo, viti sita hivi, wapike sadini kwa pumba za achari, taratibu, mpaka mifupa ilainike. Ndicho chakula cha pwani ile. Samaki walikuwapo. Jiko lilikuwapo. Kilichokosekana ni pumba. Kazumi alishanunua zile za paketi, akapika, akaonja, akasema ni kama kula boksi.

Pumba alizozitaka Yasue zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya nyumba hii. Ndiyo maana alikuwa amebeba mkobani chombo cha plastiki chenye kifuniko, amekiviringisha kwa kitambaa kama mtu anayeficha chupa ya pombe.

Upande ule, kila nyumba inayojiheshimu ina kasiki lake jikoni. Ndani yake mna pumba za mchele zilizochachuka kwa chumvi na maji, laini kama udongo wa mfinyanzi. Kila siku mwanamke wa nyumba anakunja mkono wa nguo, anatumbukiza mkono mtupu mpaka chini, anageuza pumba chini juu, anazika matango na mabilinganya, anafukua ya jana. Ukiziacha siku chache za joto bila kuzigeuza, zinakufa. Na kwa kuwa ni mkono mtupu, kila mkono unaacha ladha yake. Binti akiolewa, mama yake anamchotea konzi kwa mkono wake mwenyewe akaanzishie kasiki lake. Kwa hiyo mtu akila achari kwake, anakula mkono wa mama yake, na wa bibi yake, na wa wengine ambao hata majina hayajui.

Mama yake Yasue aliitwa Fusa. Walikaa mlimani nyuma ya Itazaki, wakichimba machipukizi ya mianzi na kuyauza. Yasue aliacha shule mapema, akaenda kushika chumvi katika kiwanda cha achari cha Orihata. Humo ndimo Shunji, mjukuu wa mwasisi, alipomwona. Shunji alikuwa na gari jeupe na nywele za mafuta, na alijua kuomba. Harusi ikafungwa. Fusa alimchotea binti yake konzi la pumba, akalifunga kwa jani la mwanzi, na Yasue akaingia nalo katika nyumba ya Orihata amelishika kwa mikono miwili.

Mama mkwe alimngoja jikoni. Jina lake Tome, mwanamke mfupi aliyekuwa akitazama watu kana kwamba wanamwuzia kitu kibovu.

"Nini hicho?"

"Pumba za kwetu, mama."

"Nyumba hii ina kasiki lake. Mwasisi mwenyewe alianza nalo akiwa na mkokoteni tu. Hizo katupe bustanini."

Bibi harusi akaenda kuzitupa bustanini, bado amevaa nguo zake za harusi.

Baada ya hapo alipika, alifua, alisugua, aligeuza pumba za watu. Mtoto hakuja. Tome hakuwahi kumpigia kelele kwa hilo. Alikuwa na njia yake: wageni wakija alikuwa akisema, "Nyumba yetu tulivu sana, karibuni," halafu anamtazama Yasue.

Kisha kampuni ikatimiza miaka hamsini, na hapo Shunji akafanya alilofanya. Tome alikuwa amelazwa hospitali kutolewa kijiwe cha nyongo. Shunji akasema kasiki la babu ndilo roho ya kampuni, haifai kuwekwa jikoni kama ndoo. Akalihamishia sebuleni. Akaita kuhani wa hekalu, kuhani akaliombea, akalizungushia kamba nene ya majani ya mpunga yenye vipande vya karatasi nyeupe, ile inayofungwa kwenye miti na mawe yanayokaliwa na miungu. Picha zikapigwa, zikatoka gazetini. Mgeni baada ya mgeni akaja, akainama mbele ya kasiki, akapiga makofi mawili, akaomba heri.

Sasa nani angefungua? Kamba ile ikishafungwa, mtu mwenye akili zake haifungui. Shunji hakuthubutu, wafanyakazi hawakuthubutu. Yasue alisema mara moja tu, "Lakini hazijageuzwa," na mumewe akamkata kauli: "Unataka kutuletea nuksi?" Na ulikuwa mwezi wa nane, joto la kuyeyusha mshumaa.

Zilipofika siku za kuwazuru marehemu, nyumba nzima ikaenda makaburini. Yasue akabaki kupika. Akalivua kasiki ile kamba, akafunua. Pumba zilikuwa nyeusi, zinanuka rangi ya mafuta. Zimekufa zote. Aliketi sakafuni, na kilichomjia kichwani si nuksi, ni kwamba lawama ingekuwa yake. Akapanda basi mpaka kwa mama yake. Fusa hakuuliza mengi. Alimjazia ndoo nusu.

"Mwambie mama mkwe wako nimemsalimu," alisema, akicheka.

Yasue aliizika maiti ile ya mwasisi chini ya msonobari bustanini, akaosha kasiki, akatia pumba za mama yake na pumba mpya na chumvi, akaifunga tena ile kamba kama alivyoikuta. Tangu siku hiyo akawa anaifungua kila alfajiri na kuifunga tena, na kwa kuwa hakuna aliyepatwa na jambo, hata woga ukamwisha. Tome aliporudi kutoka hospitali alilirudisha kasiki jikoni, akatupa kamba motoni bila kuuliza mtu. Akala bilinganya. Alilitafuna muda mrefu, akaweka vijiti mezani, akamtazama mkamwana wake. Kisha akaomba chai. Basi. Watu wote wakasema, mmeona nguvu za mwasisi? Kasiki limefungwa mwezi mzima na halikuharibika!

Yasue akanyamaza. Alidhani kunyamaza ni akiba.

Miaka minane baadaye Shunji alipata mwanamke mwingine huko Fukuoka, na Tome akamwita Yasue sebuleni akamwambia nyumba inahitaji mrithi. Aliondoka na sanduku lile lile alilokuja nalo. Mke wa pili naye hakuzaa, na safari hiyo hakuna aliyesema kitu kuhusu utulivu wa nyumba. Alijiondokea mwenyewe. Kampuni ikauzwa kwa matajiri wa mbali, Shunji akahamia ghorofani Osaka, nyumba ikaachiwa manispaa.

Yote hayo Yasue angeyameza. Yako mambo mengine lakini hayashuki kooni. Alikuwa amerudi kwa mama yake mlimani, na walikaa vizuri miaka sita, mpaka mvua ya mwaka ule. Yasue alikuwa zamu hospitali. Kilima kiliteremka, kikabeba jiko zima, na kasiki, na Fusa aliyekuwamo jikoni. Baada ya mazishi, Yasue alijipiga moyo konde akaja hapa, mlango wa nyuma, na nguo nyeusi mwilini. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akaomba konzi moja.

"Pumba za nyumba hii hazitoki," Tome alimwambia, "ila kwa binti wa nyumba hii."

Akafunga mlango.

Na sasa Yasue alikuwa amerudi kuomba mara ya pili. Safari hii amelipia tiketi.

*

Aliyewatembeza alikuwa mzee Higaki, mstaafu wa benki, anayejitolea, mwenye kibendera kidogo cha manjano ingawa wageni walikuwa wawili tu. Aliwaonyesha mkokoteni wa mwasisi. Aliwaonyesha miwani yake, kofia yake, mto wa mbao aliolalia. Aliwaambia kila asubuhi mwasisi Ginpei aliamka kabla ya jogoo.

"Na aliyempikia aliamka saa ngapi?" Kazumi akauliza.

Mzee Higaki alifikiri. "Hilo halijaandikwa, mama."

Sakafu ya ukumbi ilikuwa inang'aa. Yasue alikanyaga pale ambapo ubao mmoja hulia, na ukalia. Jikoni walikuwa wamewasha taa ndogo ndogo, wamezungusha kamba nyekundu ya kuzuia wageni, na katikati, juu ya jukwaa, kasiki lilikuwa limekaa. Lile lile, lenye ufa mdomoni. Limefunuliwa. Ndani yake pumba za rangi ya dhahabu, na mabilinganya mawili yanachungulia, yamelowa, mazuri ajabu.

"Na hili, kina mama," mzee Higaki akashusha sauti, "ndilo kasiki la mwasisi. Miaka tisini. Halijawahi kufa hata siku moja."

Yasue aliinamia kamba, akavuta pumzi. Akavuta tena. Hapakuwa na harufu. Hapana uchachu, hapana chumvi, hapana kitu. Kabla mzee hajasema lolote, alinyoosha mkono akaligonga bilinganya kwa kidole. Likatoa sauti ya kikombe.

"Mama! Tafadhali! Vielelezo haviguswi!"

"Ni plastiki," Yasue alisema.

"Ni kazi ya mafundi bingwa," mzee Higaki akajitetea, "wale wale wanaotengeneza vyakula vya madirisha ya mikahawa. Hata matone ya maji wameyatia. Watu wengi hawatambui."

Kazumi alimtazama mwenzake, akaona uso umekwajuka. Alimshika kiwiko.

"Na zile zenyewe?" Yasue akauliza. "Pumba zenyewe mlizipeleka wapi?"

Mzee Higaki akapangusa miwani yake. Alikuwa mtu mwema, uwongo ulimsumbua. "Kulikuwa na suala la harufu. Na inzi. Manispaa ilisema zitupwe. Lakini bibi mwenye nyumba, Bibi Tome, yeye bado anakaa kijumba cha nyuma, ni haki yake kwa maisha yake yote... nasikia walibishana. Zaidi ya hapo sijui. Bibi haongei nasi. Akiongea, tunatamani angenyamaza."

Yasue hakuwa amefikiria kumkuta Tome hai. Alikuwa amempangia kifo zamani, kifo cha kawaida tu, cha uzee, na katika mawazo yake kasiki lilikuwa limebaki bila mwenyewe. Miguu ilimwambia rudi kituoni. Kazumi ndiye aliyemsukuma mgongoni.

"Nenda," alimwambia amebana meno. Kisha akamgeukia mzee wa kibendera na sauti yake yote. "Mzee wangu! Hebu nirudishe kwenye ule mkokoteni. Mimi mwenyewe nasukuma mkokoteni kila siku. Magurudumu yale yalipakwa nini? Usinifiche, maana yangu yanapiga kelele kama mtoto wa nguruwe."

*

Hakuhitaji kuonyeshwa njia. Alipita kibao kilichoandikwa wageni wasipite, akapita nyuma ya bafu, na pale kwenye kona harufu ikampiga usoni. Harufu kali, ya uchachu, na ndani yake zile punje za kijani za mlimani zinazochoma ulimi kama ganzi, ambazo Fusa alikuwa akizitia kwa wingi kuliko mtu yeyote. Yasue alisimama akashika ukuta.

Tome alikuwa ameketi kizingitini pa kijumba, amekuwa kama furushi. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama si wake. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akifukuza inzi.

"Huku wageni hawapiti," alisema bila kuinua kichwa. "Choo kiko upande wa pili."

"Sitafuti choo, mama."

Mkono ulisita hewani.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Umenenepa."

"Wewe umekonda."

"Mimi nakufa. Wewe una sababu gani?"

Yasue alikuwa amesahau jinsi mwanamke huyu anavyoweza kukukosesha neno.

"Umeliona kasiki lao?" Tome akauliza. "Kaja ofisa mmoja hapa, na barakoa na glavu, kijibwa kizima cha serikali. Ananiambia nyumba ya umma haiwezi kunuka. Nikamwambia aliyeijenga alinuka achari mpaka alipozikwa, mbona hamkumtengeneza wa plastiki? Wakachukua kasiki. Pumba nikaziondoa mwenyewe kwa sufuria, safari baada ya safari."

Alionyesha kwa kidevu. Nyuma yake, kivulini, kulikuwa na ndoo kubwa ya enameli, imefunikwa kwa ubao na jiwe.

"Nimekuja kuomba konzi moja," Yasue alisema. Alikuwa amejiandaa kuinama lakini mgongo ulikataa. Aliomba amesimama.

"Ulishaomba."

"Nilishaomba."

"Na mimi nilishajibu. Hazitoki ila kwa binti wa nyumba hii."

Hapo kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya Yasue kikakatika.

"Nyumba gani?" alipaza sauti. "Nyumba ipi hiyo unayoisema? Hii ni ya manispaa! Wanakata tiketi! Mwanao yuko ghorofani huko Osaka anakula achari ya paketi. Na pumba hizo si za mwasisi wala si zako. Zenu zilikufa! Zilikufa zimefungwa kamba na watu wanazipigia makofi! Nimezizika kwa mikono yangu chini ya msonobari ule mnaowaonyesha wageni. Hizo hapo ni za mama yangu. Mama yangu alijaza ndoo, akakutumia na salamu. Na nilipokuja na nguo za msiba ukanifungia mlango!"

Inzi alitua juu ya ubao. Tome hakumfukuza.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni za mama yako."

"Tangu lini?"

"Tangu bilinganya la kwanza. Ulidhani hospitali walinitoa nyongo pamoja na ulimi? Sisi hatukuwahi kutia punje zile nyingi namna hiyo. Mdomo wangu ulikufa ganzi mpaka jioni."

Yasue akaketi juu ya jiwe la kuvulia viatu, bila kukaribishwa.

"Ulijua. Na ukanifukuza."

"Nilijua. Nikakufukuza." Tome alitazama mkono wake uliokufa. "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kila nikikaa kula, nakula deni. Mkamwana kanyamaza, hadai, anasugua sakafu tu. Ungekuwa unapiga kelele ningekupenda."

"Ningepiga kelele ungenifukuza mapema."

"Huenda."

Yasue alingoja. Alijua neno analolingoja, na alikuwa amelingoja miaka mingi, wakati mwingine akipiga deki wodini, wakati mwingine akiwa kitandani. Alimtazama mwanamke yule mdogo aliyekauka, midomo imebana, na akaona waziwazi kwamba neno lile halimo. Halikuwekwa. Ungemfukua mpaka chini usingelipata. Angeweza kuendelea kulingoja mpaka mmoja wao azikwe, au angeweza kuchukua alichokijia.

"Nilipokufungia mlango," Tome akasema, "niliingia ndani nikatia mkono kwenye kasiki. Sikuwahi kumpenda mama yako. Alicheka sana harusini. Lakini kila asubuhi nimemshika mkono tangu hapo. Ningetaka kuzimwaga, ningekuwa nimezimwaga." Akavuta pumzi. "Sasa mkono wa kulia hautii. Huu wa kushoto haufiki chini. Chini kumeanza kuwa kuchungu. Nawa."

"Nini?"

"Bomba lile pale. Nawa mpaka kiwiko, au hospitali hawakukufundisha?"

Yasue alinawa. Alikunja mkono wa nguo, akaondoa jiwe na ubao, akapiga magoti. Juu pumba zilikuwa vuguvugu, laini, njema. Alizama mpaka kiwiko, akakuta chini ni baridi, kumeshikana, na harufu iliyopanda ilikuwa ya kuumiza pua. Kweli kulianza kufa. Akaanza kupindua.

"Chini," alisema Tome.

"Nipo chini."

"Chini zaidi! Pembeni! Siku zote ulikuwa mvivu wa pembeni."

"Ndoo ni ya mviringo, mama. Haina pembe."

Tome alitoa sauti puani. Kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko.

Aligeuza mpaka pumba zote zikawa rangi moja na mkono ukamwaka kwa chumvi. Aliponyanyuka, Tome alikuwa amejisogeza kwa makalio mpaka ukingoni mwa ndoo.

"Chombo chako kiko wapi? Usinambie umekuja mikono mitupu."

Yasue akakitoa mkobani.

"Kibaya hicho," Tome akasema. "Shika vizuri. Nimekwambia hazitoki ila kwa binti, na siwezi kugeuza desturi kwa ajili yako. Kwa hiyo nyamaza na upokee."

Alitumbukiza mkono wa kushoto, ukatetemeka, akachota, nusu ikamwangukia gotini. Yasue alinyoosha mkono kumsaidia akatupiwa jicho kali. Kwa desturi anayechota ni mama, kwa mkono wake mwenyewe, na Yasue alishika chombo kwa mikono miwili akatulia. Konzi la kwanza likaingia. La pili. La tatu Tome alilibonyeza kwa ngumi, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Ndipo viatu vikasikika mchangani. Mzee Higaki alitokea kwenye kona anahema, kibendera mkononi, na Kazumi nyuma yake ananyoosha mikono kumwambia Yasue kwamba maswali ya magurudumu yamemwishia.

"Mama! Huku wageni hawaruhusiwi, tafadhali sana!"

"Higaki," alisema Tome. "Mgeni ni wewe. Na umekanyaga figili zangu."

Mzee wa watu aliruka pembeni.

Yasue alifunga kifuniko, akakiviringisha chombo kwa kitambaa. Aliinama, si mpaka chini, kiasi cha kutosha tu. Alikuwa ameshageuka aliposikia sauti nyuma yake, kavu kama kawaida.

"Jumanne wanafunga makumbusho. Hakuna watalii."

Kwenye treni watu walihama viti kwa harufu ya ule mkoba, na Kazumi akawaambia kwa sauti ya sokoni kwamba pua zao zina bahati.

*

Siku za mwanzo zilimtia hofu. Alichanganya lile konzi na pumba mpya katika kasiki dogo, akatia chumvi na punje za mlimani, akalilisha majani ya nje ya kabichi yanayotupwa. Alfajiri aligeuza, jioni akageuza. Harufu ikaja ya kiberiti, ikaja ya maziwa, siku mbili ikawa kama ya rangi ya kucha, na Yasue akawa anaamka na roho juu juu. Kazumi alipanda ngazi kila jioni, anachungulia mlangoni.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Usimwite mgonjwa."

Jumanne ya pili alipanda treni mwenyewe. Alimwambia Kazumi kwamba anakwenda kwa ajili ya ndoo, si kwa ajili ya mtu. Kazumi akasema hajauliza. Yasue alifika, akageuza pumba mpaka chini, akatukanwa kuhusu pembeni, akanywa kikombe kimoja cha chai, akarudi zake. Jumanne iliyofuata akaenda tena.

Kisha asubuhi moja alifunua kasiki lake na harufu ikamjia yote kwa mara moja, na kabla hajafikiri alikuwa ameshageuza kichwa kutazama nani ameingia chumbani.

Alifukua bilinganya alilolizika jana, akalisuuza, akalikata. Alikula amesimama, bila wali. Alimkuta Fusa humo, kwa ganzi ile ya punje kwenye ncha ya ulimi. Akaukuta mkono wake mwenyewe wa zamani, wa yule msichana wa chumvi. Na chini yao kulikuwa na ladha nyingine, ngumu, kavu, ya chumvi isiyomwonea mtu haya, na hiyo aliitambua pia. Alitaka kuitema hiyo peke yake. Haikutemeka. Ilikuwa imeshachanganyika na zile nyingine, na bila hiyo, alipojaribu kuwa mkweli, bilinganya lingekuwa tamu mno.

Akameza. Alikwenda juu ya ngazi, mkono bado unachuruzika.

"Kazumi!" aliita. "Washa jiko. Leta sadini."